Mkono Usiotaka Kushikwa

"Mume wangu anajifanya," alisema mke wa kinyozi, begi la nguo mapajani. Alikuwa ndani ya treni, anahamia kwa kaka yake, na aliyekaa naye ni mzee fundi viatu asiyemjua hata kwa sura. "Tangu apate kiharusi, kikombe anabeba, vifungo anafunga. Mimi nikimshika mkono, anaruka kama nimemmwagia maji ya moto. Huyo ana mtu, mzee wangu."

"Pengine anaungua kweli, binti yangu. Hata mimi kilinipata. Shuka tu ikinigusa, vidole vinawaka moto."

Mke wa kinyozi alimtazama kwa jicho la pembeni. Maneno yale yalikuja kwa wakati wake mno. "Nani kakutuma? Unanyoa kwake, eti?"

Mzee akavua kofia. Kipara kiling'aa. "Ninyoe nini?"

Kicheko kilimfika mke wa kinyozi kooni, akakimeza. Mzee alipogeukia dirishani, mama yule, bila haya, alinyoosha kidole akampapasa kiganja taratibu. Mzee aliruka, akauma meno, machozi yakamlengalenga.

"Ungeniomba tu," alisema.

"Wanaume mnafundishana," alijibu, lakini sauti ilikuwa imemwishia nguvu. Mumewe aliruka vivyo hivyo jana, naye akamwita mwongo mbele ya watoto.

Treni ikasimama kituo cha kaka yake. Akainuka, akatundika begi begani, akabaki mlangoni huku watu wakimpita.

"Sasa mzee," akauliza, "mtu kama huyo anashikwa wapi?"