Alexis Mushagalusa na Nyuzi za Saz Yake

Ndugu na majirani, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, ni Alexis Mushagalusa. Alizaliwa Bukavu, Kadutu, tarehe 22 Agosti 1979, mtoto wa kwanza wa marehemu Joël na Mama Evarista, fundi cherehani, aliyeandika maneno haya. Mama huyo aliishia darasa la sita, lakini hakuna tarehe hapa aliyoiuliza kwa mtu.

Alexis alisoma shule ya msingi palepale Kadutu. Sekondari aliiacha mwaka 1996, vita ilipofika. Gitaa alijifunza kwenye kwaya.

Alifika Johannesburg Machi 2006, akawa mlinzi wa duka la mazulia Marshalltown. Mwenye duka ni Mturuki. Sisi tunamwita Bakiri, na yuko hapa, amekaa nyuma. Bakiri alikuwa na saz, gitaa la kwao lenye shingo ndefu. Alexis alipenda bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Siku moja wateja hawakuja, Bakiri akapiga wimbo wa kijijini kwao, Alexis akaingiza bluzi yake humo humo. Bakiri akasimamisha mkono. "Wewe mlinzi, nani alikufundisha kulia kama mama yangu?" Tangu hapo walipiga pamoja, mitaa ya Berea na Bellevue, na saz Alexis akapewa.

Alimuoa Victoire huko Yeoville, tarehe 5 Desemba 2009. Walipata Chloé na Cédric. Watoto humjibu mtu kwa Kiingereza. Baba yao aliwaimbia Kiswahili.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Aprili mwaka huu alilazwa. Alikuwa amebakiza wimbo mmoja, wa Chloé, alitaka kuurekodi akitoka. Mama yake, aliyekuwa pale nyumbani, akaisafisha saz impokee. Shingo ya saz imezungushiwa nyuzi kumi na tisa, zinazoonyesha vidole pa kubonyeza kila sauti. Nyingine zimebanana, nyingine zimeachana. Jicho la fundi likaona kazi mbovu. Akachukua tepu ya kupimia nguo, akazifunga upya zote, nafasi sawasawa.

Alexis alirudi nyumbani Jumapili tarehe 1 Juni. Aliigusa saz, akauliza ni nani aliyezifunga nyuzi, akaambiwa. Akaeleza polepole kwamba kuna sauti inayokaa katikati ya sauti mbili, na ndipo Waturuki na bluzi wanapokutana. Wimbo wa Chloé ulikuwa hapo, na nafasi zilizo sawa zilikuwa zimepafuta.

"Mama, umepima vizuri," alisema. "Ila hii si nguo."

Bakiri alikuwa Durban. Alifika Alhamisi, akakaa kitandani akizisogeza zile nyuzi, Alexis akimwelekeza kwa sauti: juu, chini kidogo, hapo. Baada ya uzi wa nne Alexis alilala. Hakuongea tena. Alifariki Jumamosi tarehe 7 Juni, saa nne asubuhi. Zile kumi na tano ziko pale mama yake alipozifunga.

Ameacha mama, wadogo zake, mke wake Victoire, watoto Chloé na Cédric, na Bakiri, ambaye familia imemhesabu kuwa ndugu. Wimbo wa Chloé hautapigwa leo; haupo.

Bwana ampe Alexis pumziko.