Mama Cheche, Aliyekwenda Hospitali kwa Miguu Yake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Cheche, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili wa dereva wa garimoshi na mshona nguo. Mama yetu, aliyeketi hapa mbele, anasema mtoto huyo alitoka akipiga kelele kabla mkunga hajamshika vizuri. Mkunga akasema, "Huyu atawasumbua." Alitusumbua kweli, na tunamshukuru kwa hilo.

Alisoma shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1983, kisha akaenda chuo cha ufundi. Siku ya kwanza mwalimu alimwelekeza darasa la ushonaji. Marehemu akajibu kwamba kelele za cherehani alizisikia vya kutosha nyumbani, akaenda kusimama mlangoni pa karakana ya uchomeleaji mpaka walimu wakachoka kumfukuza. Alihitimu mwaka 1988.

Alifanya kazi ya kuajiriwa kwa miaka michache, kisha akafungua karakana yake mwenyewe mkabala na soko la mbao. Mageti, madirisha, ngazi, matela ya mizigo, vyote vilipita mikononi mwake. Wateja walimwogopa kidogo. Kuna bwana mmoja aliyekuja kuchukua geti kabla halijakamilika akasema, "Mama, funga funga tu hivyo hivyo, nina haraka." Marehemu aliwasha mashine, akakata bawaba zote mbele ya macho yake, akamwambia arudi wiki ijayo akiwa na akili. Alirudi. Yupo hapa leo, na geti lake halijawahi kulegea.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na mwokaji mikate wa mtaa wa pili. Shemeji alianza kwa kuleta trei moja iliyovunjika mshikio. Wiki iliyofuata akaleta nyingine, na nyingine tena. Mwishowe marehemu akamuuliza, "Wewe mikate unaioka au unaipiga vita?" Ikaja kujulikana kwamba trei alikuwa akizivunja mwenyewe kwa nyundo, apate sababu ya kuja. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa kuhusu kuugua kwake. Kaka yetu mkubwa aliomba hapa paandikwe kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikataa. Kaka akasema, "Hapa ni msibani, si mahakamani. Watu wamekuja kuzika." Wakabishana mpaka mama akaingia jikoni akasema, "Nimemzaa mimi. Andika kilichompata." Ndiyo maana kimeandikwa.

Marehemu alikuwa na presha tangu mwaka 2015. Alikunywa vidonge vyake bila kukosa, huku akidai kwamba presha yake hupandishwa na kazi mbovu za mafundi wengine. Mwaka huu aligundulika kuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo, akapangiwa upasuaji siku ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akabeba mfuko wake mwenyewe. Jioni ya kuamkia upasuaji aliambiwa asile wala asinywe. Mumewe akauliza, "Hata hivi vidonge vya presha?" Muuguzi akamjibu, "Chochote ni chochote, baba." Si kweli. Vidonge vile humezwa kwa maji kidogo asubuhi ya upasuaji. Mdogo wake ni daktari wa usingizi katika hospitali ya mji mwingine, na angewaambia hivyo kama wangempigia. Hawakupiga kwa sababu waliamini wako mahali salama.

Sikilizeni, maana jambo lenyewe si gumu. Mtu akilazwa usingizi hupitishiwa mpira kooni ili mashine impumulie. Kabla mpira haujapita, ulimi hunyanyuliwa kwa chuma. Mgonjwa hajui kitu, ila mwili unajua. Moyo hushtuka ukaenda mbio, na presha ikaruka. Kwa mtu mzima wa afya hupita. Kwa mwenye presha ya juu, mshipa unaweza kupasuka. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo huandaliwa: presha hushushwa kwanza, hupewa dawa ya maumivu na ya kutuliza moyo, usingizi huachwa ukolee, ndipo chuma kiingie, taratibu na mara moja. Hakuna muujiza hapo. Kinachotakiwa ni subira tu.

Marehemu hakusubiriwa. Alitoka chumba cha upasuaji akiwa hajaamka, na picha ya kichwa ikaonyesha damu imevujia kwenye ubongo. Daktari bingwa aliyempasua alimwambia mumewe, "Mke wako alikuwa na presha sana. Haya hutokea."

Mwokaji mikate, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, akauliza, "Kwa kuwa mlijua ana presha, mlifanya nini?"

Bingwa akatazama simu yake, akasema ana mgonjwa mwingine. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, bila kufumbua macho.

Siku mbili baadaye yule mtaalamu aliyemlaza usingizi alikuja nyumbani peke yake. Mdogo wake marehemu alipojua ni nani, alimfuata mpaka kwenye ngazi akiwa na nia ya kumpiga. Halifichi hilo. Mama akasema, "Mpe kiti kwanza. Amekuja kusema." Akakaa, mikono katikati ya magoti, akasema:

"Presha yake ilikuwa juu tangu anaingia. Nilimwambia bingwa tusubiri, dawa ya kutuliza moyo iko stoo, ikaletwe. Akasema, 'Wewe ingiza mpira, nina foleni.' Nikaingiza chuma usingizi haujakolea. Mpira ukakataa. Nikarudia, na nikarudia tena. Mashine ilikuwa inapiga kelele, na bingwa akasema kelele zinamsumbua."

"Ukafanya nini?" mdogo wake marehemu akamuuliza.

"Nikaizima sauti."

Shemeji alitoka nje, tukasikia akipanga trei ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mama ndiye aliyerudi kwenye mazungumzo. "Haya uliyotwambia sisi, utayasema mbele ya wakubwa wako?"

"Nitayasema, mama. Nimeshaandika kwa baraza la madaktari, na jina langu nimeliweka la kwanza."

Hatujamsamehe. Mama ndiye aliyemmwagia maji ya kunawa; mgeni akala nasi, akaondoka. Jana tumepata taarifa kwamba baraza limepokea malalamiko yetu na ya kwake, na kwamba yeye na bingwa wote wawili wataitwa. Uongozi wa hospitali umetuma shada la maua lenye maneno kwamba moyo wa marehemu ulishindwa. Shada hilo tumelirudisha. Moyo wake ulipiga siku tano baada ya wao kumwacha. Moyo wake ulikuwa mzima kuliko wote waliokuwa mle ndani.

Kaka, tumekusikia, na tunakuheshimu. Lakini dada yetu hakuugua kwa muda mfupi. Aliharakishwa.

Marehemu ameacha mama, mume, binti mkubwa ambaye ni mhasibu, kijana aliyerithi karakana na kelele za mama yake, kitinda mimba aliye sekondari, mjukuu mmoja, kaka, mdogo wake, na mageti yaliyosimama wima katika kila mtaa wa mji huu.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki, kupumzika bado.