Ukoo wa Ndani ya Tangi

Benchi letu liko kati ya kinyozi na fundi makochi, mbele ya tangi la maji la mtaa. Tangi tunalisugua kwa zamu, na leo ilikuwa zamu ya kinyozi, tunayemwita Profesa kwa sababu redio yake haizimwi. Maji tulishayafungulia yakaisha, umebaki utando wa kijani ukutani. Shangazi, muuza kahawa wetu, alishasema wazi: lisiposuguliwa asubuhi hii, anahamishia jiko lake kwa mafundi magari ng'ambo ya barabara. Mimi niliogopa kweli, maana bila ile kahawa siamki vizuri.

— Sisugui, akasema Profesa. Huo ni mwani wa maji yasiyo na chumvi. Redio imesema mimea yote ya nchi kavu imetoka kwenye ukoo huo.

— Mchicha pia? akauliza Bondia, mlinzi mstaafu ambaye hajawahi kupigana hata na mbu.

— Mchicha, mahindi, mpaka nyasi. Madimbwi yalikauka, wazee wa ukoo huo wakavumilia jua, wakahamia nchi kavu.

— Basi hili benchi la mbao ni mjukuu wao, akasema Fundi Makochi. Na tumemkalia.

Bondia akainuka kidogo, akakaa upande.

— Tukiliacha tangi hivi hivi, Fundi akaendelea, siku moja tutavuna mbao humo. Mimi nishaanza kuyaona makochi.

— Na hawa waliobaki majini? nikauliza.

— Kila familia ina wa hivyo, akasema Bondia. Wenzao wanahama, wao wanasema watakuja na gari la kesho.

Shangazi akaweka birika chini.

— Profesa, hao wa tangini ni babu za mchicha au binamu zake?

Profesa akajikuna kidevu.

— Binamu. Babu yao wote alishakufa zamani sana.

— Basi binamu anasuguliwa.

— Shangazi, damu nzito.

Hapo akavuka fundi magari, anafuta mikono kwa tambara.

— Shikamoo Shangazi.

— Marahaba.

— Jiko nilibebe na moto wake, au mnazima kwanza?

Bondia alikodolea macho kikombe chake. Profesa akavua viatu, akakunja suruali, akachukua brashi na kupanda ngazi ya tangi. Punde tukasikia kwaruza kwaruza, na sauti yake ikitokea ndani:

— Binamu, nisamehe. Na nyie huko nje, kikombe changu asikiguse mtu.