Keziah Gollop, Aliyefunga Vitovu na Taya

Ndugu, majirani na wote mliofika, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuacha kazi zenu, historia hii tunaisoma hapa uani kabla ya kunyanyua jeneza, si kule kanisani ambako kasisi anatungoja, sababu yake mtaisikia wenyewe, ila naomba yatakayosemwa hapa yabaki hapa.

Marehemu Keziah Gollop, mama yangu mkubwa, alizaliwa tarehe 3 Februari 1866 hapa hapa Thornacre, Dorset, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Amos Trevett na mkewe Susan, alisoma shule ya kanisa kuanzia mwaka 1871 hadi 1876, akatoka hajui hesabu hata ya kumbana muuza samaki lakini akijua kushona mshono usioonekana, na kwa mshono huo aliajiriwa kushona glavu hadi alipofunga ndoa na Reuben Gollop, mchunga kondoo, tarehe 9 Juni 1888.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 akiwa amekwisha kufa, na kwa kuwa mtoto asiyebatizwa hasomewi sala wala hapewi kaburi kwenye uwanja wa kanisa, Bibi Charity Legg, aliyekuwa akizalisha wanawake na kuosha maiti wa kijiji hiki, alifanya lile ambalo wanawake wa huku wamelifanya tangu zamani bila kumwuliza kasisi, alimfunga yule kichanga akamlaza ndani ya jeneza la mtu mzima aliyekuwa akingoja kuzikwa, miguuni, chini ya sanda, mtoto akaingia naye ardhini kwa heshima zote. Ubaya ni kwamba majira yale mafua yalikuwa yakitupukutisha, majeneza yalikuwa mengi, na Bibi Charity hakusema ni lipi, aliamini mama akijua atashinda kaburini na kukataa kuzaa tena, kwa hiyo kila alipoulizwa alijibu, "Analala pazuri, mwanangu, niache."

Mama Mkubwa hakumwacha. Aliomba kuwa msaidizi wake, akajifunza kazi yote ya kufunga, rola, ndio ule utepe wa flana unaozungushwa kitovu cha mtoto, ambao unashonwa wala haubanwi kwa pini, mkaja wa kufunga tumbo la mzazi, kitambaa cha taya la maiti, na uzi wa vidole gumba vya miguu ambao lazima ufunguliwe kabla ya kifuniko kupigiliwa, na tusidanganyane, alijifunza yote hayo kwa sababu alitaka jibu. Tarehe 2 Novemba 1893 Bibi Charity alianguka jikoni, akapooza, hakutamka neno tena mpaka alipofariki, na aliyelifunga taya lake ni Mama Mkubwa, mwenyewe alitusimulia kwamba alikaa na kile kitambaa mkononi akiutazama ule mdomo, akampiga kofi, kisha akalia, kisha akamfunga vizuri.

Tangu hapo kila Januari aliweka maua kwenye makaburi yote ya msimu ule wa mafua, na wenyewe walipomwuliza, "We Keziah, mzee wetu alikuwa nani wako?" alijibu, "Jirani," akapita. Alijaliwa watoto wengine wawili, Thirza, aliyezaliwa mwaka 1892, ambaye yupo hapa, na Job, aliyezaliwa mwaka 1895 na kuuawa vitani Ufaransa mwezi Septemba 1916, ambaye naye hatujui alikolazwa, na mwaka uliofuata mumewe Reuben akafa kwa huzuni, daktari aliandika kifua, lakini sisi tulikuwepo.

Kazini alikuwa mkali, Mungu anisamehe, ulimi wake ulikuwa wembe, ila alipoirithi kazi ya Bibi Charity hakuna mama wa kichanga mfu aliyefichwa, alikwenda mwenyewe kumwambia, "Yuko na mzee Hansford, kwapani. Nenda ukalie, kisha urudi ule." Mlioambiwa hivyo mpo hapa, wengi kuliko kasisi anavyodhani. Mwaka 1910 sheria ya kutaka wakunga wawe na vyeti ilimwondoa kwenye kuzalisha, akabaki na maiti, na nesi wetu alipokuja kutoka mjini akiita kila utepe bandeji, Mama Mkubwa alimwuliza, "Binti, kwani kwenu ng'ombe na kondoo wote jina lao ni nyama?"

Alianza kuugua moyo Oktoba 1924, miguu ikavimba, na mwezi uliopita alimwita fundi Eli Guppy akamwagiza jeneza pana, Eli akamtania, "Umekonda hivi, shangazi, upana wa kuchezea ngoma?" naye akamjibu, "Kata mbao, acha mdomo. Huwezi jua nani atahitaji nafasi." Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Machi 1925, alfajiri, Thirza akiwa amemshika mkono, bila kujua hadi mwisho mwanawe yuko kaburi gani.

Tunamshukuru Daktari Pym kwa kuja hata njia zilipojaa maji, majirani kwa kuni na supu, wanawake wenzake wa kazi waliomwosha, Eli kwa ule upana, na kwa namna ya pekee nesi, ambaye Ijumaa alitoka kwa mzazi mmoja wa hapa kijijini, na badala ya kwenda kuripoti kwa kasisi alikuja mlangoni kwetu na kikapu, akakiweka mezani, akalia nasi.

Na wewe uliyesimama pale kisimani, jina hatulitaji, binti yako ameshonewa rola na Thirza, hana pini hata moja, hatukumweka miguuni, yuko kifuani pa Mama Mkubwa, amekumbatiwa kwa mikono miwili, na kaburi ni lile la ukuta wa kusini, njoo ulie siku yoyote utakayo. Wabebaji, nyanyueni taratibu. Pumzikeni kwa amani, nyote wawili.