Maharage Yanayongoja Umeme

Consolée alipanda basi kutoka mtaa wa Ngagara amepakata sufuria ya maharage ya mwanawe aliyefungwa gerezani. Kando yake alikaa askari wa lango la gereza lilelile.

"Juzi mashine yenu ya kukagua ilingoja umeme mpaka maharage yakachacha, mtoto akalala njaa," alimwambia. "Shefu, kwetu anayetoa ndiye anayeonja kwanza. Nitaonja mbele yako, yaishe."

"Mama, kuonja hakutoi simu iliyozikwa ndani."

"Basi koroga kwa kijiko, kama zamani."

"Apana. Sheria mpya inataka mashine."

"Sheria yenu haijawahi kulala njaa."

Basi likasimama. Mbele ya gereza kinyozi alikuwa amekaa nje, mikono mapajani, akingoja umeme urudi. Askari alimwona. Consolée naye alimwona, akatoa kijiko, akamnyooshea askari.