Nyuzi za Buluu Tumboni mwa Samaki

Benchi letu liko mbele ya duka la Fundi Saa, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa. Asubuhi ile hata duru ya kwanza sijaimaliza, Mama Magamba, muuza samaki, akatokea na sinia lenye samaki aliyepasuliwa, akamsukumia Fundi mapajani.

— Vaa kile kioo chako cha jichoni. Siku ya nne leo: samaki wamekonda, matumbo yamejaa. Yamejaa nini?

Fundi akabana kioo jichoni, akachokonoa utumbo kwa kibano.

— Si majani haya. Nyuzi. Za buluu. Na chengachenga za rangirangi. Plastiki hii, dada.

Wembe, kinyozi wetu, akadakia:

— Samaki wamechoka kuvuliwa! Wanazila nyavu kabla hazijawala wao. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvungu umeingiaje hapo? nikauliza.

— Kwani chini ya maji si mvunguni?

— Mimi naona wanafuma, akasema Fundi. Mwakani tutauziwa samaki kavaa sweta.

Tukacheka. Mama Magamba hakucheka.

— Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi saba. Kila siku namchagulia samaki mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Utumbo nawapa kuku, na mayai anakula yeye. Nicheke nini?

— Vijichembe hivyo? Hata havionekani! Wembe akampoza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hicho kibaba ndicho ninachokiogopa.

Hapo akafika muuguzi mmoja, mgeni kwetu, kaleta saa iliyokatika mkanda. Akaomba kioo, akatazama kwa muda.

— Chembe kama hizi, tena ndogo zaidi, wataalamu wameziona kwenye damu ya watu. Hata kwenye kondo la nyuma.

— Zinamfanya nini mtoto, mwanangu?

— Wanachunguza bado, mama. Sitakudanganya. Akageuka. Huu mfereji nyuma yenu unaishia wapi?

Wembe akaufuata kwa kidole. Unaishia ziwani, wanakovuliwa samaki.

Mama Magamba akainua uso. Turubai letu la kukinga jua, la buluu, lilikuwa limeliwa na jua hadi pindo likaota ndevu. Upepo ukachomoa uzi, ukauangusha mferejini mbele ya macho yetu.

— Dada, akasema Fundi taratibu, maturubai kama haya yamejaa mji mzima. Letu moja litapunguza nini?

— Mji nitaufuata. Naanza na lililo juu ya kichwa changu. Leteni ngazi.

— Na jua je? Wembe akalalamika.

— Vaa kofia.

Nikatua birika, nikashika ngazi. Tulilishusha polepole, tukilikunjia ndani lisimwage hata uzi, jua likitupiga utosini. Hatujafunga hata fundo, Mama Magamba keshafika kibanda cha pili.

— Hodi, wenyewe! Hebu tokeni nje, mtazame juu.