Mkaguzi Aliyekataa Kukaguliwa

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi mlimwita Muhuri, alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, wa kwanza kati ya watoto watano. Alisoma shule za mtaani kwetu, na mwaka 1981 akahitimu chuo cha mifugo kwa alama ambazo hakuchoka kututajia.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni. Alibonyeza ini, mapafu na utumbo wa kila ng'ombe. Akiona uvimbe, nyama hiyo haikupigwa muhuri hata mwenye ng'ombe apige magoti.

Mwaka 1988 alimwoa wifi yangu, mshonaji. Siku ya kwanza wifi kumpikia mboga za majani, marehemu alizisogeza ukingoni mwa sahani kwa ncha ya kisu.

"Mke wangu, hizi mpe mbuzi, halafu mimi nitamla mbuzi."

Tulicheka wote, mimi nikiwemo, na hilo linaniudhi mpaka leo. Mboga zilikaa ukingoni miaka thelathini na zaidi. Matunda aliyaita chakula cha wagonjwa.

Mwaka 2020 wifi aligundua kwamba mumewe alikuwa akitoka damu chooni, na kwamba alikuwa amelificha jambo hilo mwaka mzima. Nilimsihi, nikamgombeza, nikalia.

"Bawasiri tu hiyo, dada. Nitakwenda wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo ilichukua miezi kumi na tisa. Daktari alipomwuliza anakula nini, alijibu bila haya: soseji asubuhi, nyama mchana, nyama jioni.

"Siwezi kuapa kwamba ni chakula peke yake," daktari alisema. "Ila nyama nyingi hivyo, soseji kila siku, na mboga hakuna, hatari ya saratani ya utumbo inaongezeka. Na ungekuja mapema, mzee, tungekuwa na la kufanya. Sasa wanao nao wapimwe."

Marehemu aliomba aonyeshwe picha ya utumbo wake. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile la kazini.

"Huyu nisingempigia muhuri," alisema, kisha akanigeukia. "Dada, wapeleke watoto."

Alifariki tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, wodi namba tatu, wifi akiwa amemshika mkono. Nina hasira naye, na nampenda.

Ameacha mjane, dada wawili, kaka wawili, wajukuu wanne na wana watatu. Wawili wamekwisha kupimwa. Wa tatu, kifungua mimba wake, jana nilimkuta jikoni na soseji mkononi, akaniambia, "Shangazi, nitakwenda wiki ijayo."

Kaka, lala kwa amani. Huyu wako hatalala mpaka nimfikishe hospitali, na nimeshamwambia: tukitoka makaburini, moja kwa moja.